Kutunga na Kufumbua Mafumbo ya Siri: Mwongozo wa Mafunzo ya Usalama kwa Ofisi Ndogo na Vikundi

Mafunzo ya usalama wa taarifa katika ofisi nyingi za Kisumu, Kakamega na miji jirani hufanyika kwa mtindo uleule: wafanyakazi huketishwa ukumbini, husomewa orodha ya makatazo, hutia sahihi na kurudi mezani kwao. Kesho yake kile kikaratasi chenye nywila kilichobandikwa pembeni mwa kompyuta bado kipo palepale. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine, ambayo ni kuwapa watu mafumbo ya siri wayavunje kwa mikono yao, kisha kuwafundisha watunge yao wenyewe. Unafaa kwa kundi la watu kumi hadi ishirini, iwe ni ofisi ya chama cha akiba na mikopo, zahanati, klabu ya kompyuta ya shule au kikundi cha akina mama wanaoweka akiba pamoja, na mahitaji yake ni karatasi, penseli, kadibodi na muda wa saa mbili au tatu.

Kanuni moja itawale kazi yote ya kutunga: udhaifu unaoliangusha fumbo uwe ndio udhaifu ambao watu wanao katika siri zao za kila siku. Fumbo linalofumbuliwa kwa kubahatisha, au kwa kujua ujanja alioufikiria mtungaji peke yake, huchangamsha baraza lakini halimfundishi mtu kitu cha kurudi nacho kazini. Kwa sababu hiyo simpendekezei mtu yeyote yale mafumbo ambayo kila herufi hubadilishwa kuwa kichoro cha vijumba na vidoti. Yanapendeza macho, lakini mshiriki akishayafumbua hana la kusema zaidi ya kwamba yalipendeza.

Kwanza amua alfabeti. Kiswahili hakihitaji Q wala X, na ukiziondoa hubaki herufi 24, huku C ikibaki kwa ajili ya CH. Idadi hii ina manufaa mawili. La kwanza ni kwamba duara lina digrii 360, hivyo kila herufi hupata digrii 15 kamili, na mwanafunzi yeyote mwenye bikari na kipimapembe anaweza kuchora gurudumu la siri bila kuhangaika na desimali. La pili ni kwamba programu nyingi za kufumbua mafumbo zilizoko kwenye intaneti zimetengenezwa kwa herufi 26, kwa hiyo mshiriki anayechungulia simu chini ya meza ataletewa upuuzi mtupu. Majina yenye X yaandikwe kwa matamshi, kama vile ALEKSI. Kata duara mbili za kadibodi, kubwa ya kipenyo cha sentimita 12 na ndogo ya sentimita 9, ziandike herufi zote 24 pembezoni kwa mpangilio, kisha zitoboe katikati na uzishike pamoja kwa pini ili ile ndogo izunguke juu ya kubwa.

Gurudumu hilo ndilo linalotumika katika fumbo la kwanza, ambalo kila herufi husogezwa mbele kwa hatua zilezile. Mwanahistoria wa Kirumi Suetonius aliandika kwamba Julius Caesar alisogeza herufi zake hatua tatu. Wewe usitumie tatu, maana ndiyo nambari ambayo kila aliyewahi kusikia habari hizi ataijaribu kwanza. Chukua ujumbe UFUNGUO UKO KWA MLINZI, usogeze hatua tano katika alfabeti ya herufi 24, nawe utapata AKATLAU APU PCF SRNTEN.

Kuna njia mbili za kulivunja. Ya kwanza ni ya nguvu: hatua zinazowezekana ni 23 tu, na kundi la watu wanne wakigawana kazi watamaliza kuzijaribu zote kwa dakika chache. Ya pili ni ya akili, nayo inastahili kupewa muda. Maneno ya Kiswahili, isipokuwa machache ya kukopa kama vile Rais, huishia na irabu. Tazama basi herufi za mwisho za maneno yale manne: ni U, U, F na N. Zote tatu, yaani F, N na U, lazima ziwe irabu zilizosogezwa kwa hatua zilezile. Kwenye gurudumu, kutoka F hadi N ni nafasi nane, na kutoka N hadi U ni nafasi sita. Sasa tafuta irabu tatu zenye umbali huohuo. Kutoka A hadi I ni nafasi nane, na kutoka I hadi O ni sita. Hakuna irabu nyingine tatu zinazokubali vipimo hivyo, hata ukilizunguka gurudumu lote. Kwa hiyo F ni A, N ni I na U ni O, hatua ni tano, na ujumbe umefunguka bila kujaribu ufunguo hata mmoja wa makosa. Washiriki wakilifika jambo hili wenyewe, usiharakishe kuendelea. Wape nafasi walieleze kwa kundi la jirani, kwa kuwa hapo ndipo wanapotambua kuwa ujumbe unaweza kufichwa maneno yake na bado umbo lake likasema.

Funzo la ofisini kwa fumbo hili ni uchache wa funguo. Namba ya siri ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000, lakini mtu anayetumia mwaka wake wa kuzaliwa, ikiwa umri wake ni kati ya miaka 20 na 60, amejiachia uwezekano arobaini hivi. Anayetumia siku na mwezi amejiachia 366. Waulize washiriki kimyakimya, bila mtu kutaja chochote, ni wangapi kati yao namba zao zimo ndani ya hesabu hizo mbili. Nyuso zitajibu.

Fumbo la pili ni la kubadilisha herufi bila mpangilio wa kusogeza, na ndilo lenye utajiri mkubwa kuliko yote. Njia rahisi ya kutengeneza ufunguo ni kuchagua neno, kuliandika chini ya alfabeti bila kurudia herufi, kisha kufuatisha herufi zilizobaki kwa mpangilio wa alfabeti. Uchaguzi wa neno una athari yake. Ukitumia KISUMU utapata K, I, S, U, M, kisha A, B, C na kuendelea, na utakapofika mwisho utakuta V, W, Y na Z zimejikuta chini ya nafsi zao wenyewe, yaani hazikufichwa kabisa. KAKAMEGA ina kasoro hiyohiyo na zaidi. WEBUYE ni bora, kwa sababu lina W na Y ambazo huhama kutoka mwisho na kuja mwanzo, na inayobaki mahali pake ni Z pekee. Kwa ufunguo huo A huwa W, B huwa E, C huwa B, D huwa U, E huwa Y, F huwa A, G huwa C na kadhalika hadi Z.

Wape washiriki ujumbe huu: TWPR TWIY TWIFLMFCW OFJR GWKW OF TWAWKVWHWZF TW EYKHF. Kabla hawajaanza, waambie kwamba njia za kupanga herufi 24 ni nyingi mno, idadi yake ikiandikwa ina tarakimu 24, na kwamba kompyuta ya ofisini haiwezi kuzipitia zote. Waache watishike kidogo.

Kisha waoneshe njia ya Al-Kindi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, aliyeeleza kuwa ukihesabu herufi za ujumbe wa siri na kuzilinganisha na hesabu ya lugha yenyewe, herufi zinazorudiarudia hujifichua. Katika Kiswahili A hutangulia kwa mbali, mara nyingi ikikaribia moja kati ya kila herufi tano, na I humfuata, huku U, N na K zikishindania nafasi zinazofuata. Ujumbe wetu una herufi 45. W imetokea mara 11, F mara 6. Makisio ya kwanza ni kwamba W ni A na F ni I. Yathibitishe kwa miisho ya maneno: maneno yote tisa yanaishia na R, Y, W au F, herufi nne tu, na W na F ni miongoni mwake. Kwa hiyo R na Y nazo ni irabu.

Hapo ndipo sarufi yenyewe inapomsaliti mwenye siri. Maneno matano yanaanza na TW, na mojawapo ni TW peke yake. Kiambishi gani cha Kiswahili chenye A husimama mwanzoni mwa maneno mengi mfululizo, na pia husimama peke yake kama neno? Upatanisho wa ngeli hutoa jibu: WA. Lugha ambayo nomino hulazimisha vivumishi na vitenzi vyake vivae kiambishi kimoja haiwezi kuficha uhusiano huo kwa kubadilisha herufi tu. TWPR sasa ni WA-kitu-irabu, na irabu hiyo si A wala I, hivyo WATU linajitokeza. TWIY ni WA-kitu-irabu nyingine, nalo WALE linafuata vizuri. Neno refu TWAWKVWHWZF linasomeka WA-kitu-A, vitu viwili, A, kitu, A, kitu, I, na mfanyakazi yeyote atakayelitazama kwa dakika moja ataona WAFANYAKAZI. Ujumbe mzima ni WATU WALE WALIOPIGA SIMU JANA SI WAFANYAKAZI WA BENKI.

Mjadala wa baada ya fumbo hili uwe juu ya nywila. Wapo watu wengi wanaoamini kuwa jina la mji wao likiandikwa kwa kuweka 1 mahali pa I, @ mahali pa A na alama ya mshangao mwishoni, tayari limekuwa siri kubwa. Wamefanya kilekile walichokifanya katika fumbo: wamebadilisha sura za herufi na kuacha umbo la neno. Programu za kubahatisha nywila huanza na maneno ya kawaida na mabadiliko hayohayo, kwa sababu waliozitengeneza wanajua desturi za watu.

Kwa kundi la Kisumu kuna nyongeza ambayo huchangamsha chumba. Andika fumbo moja la aina hii kwa Kidholuo bila kuwaambia. Maneno kama rech, chak na kuon huishia na konsonanti, hivyo washiriki watakaotafuta irabu mwishoni mwa maneno watakuta herufi za mwisho ni nyingi kupita kiasi, na mwerevu mmoja atasema kwamba huenda hiki si Kiswahili. Hilo ni jibu zuri kuliko ufumbuzi wenyewe, kwani mfumbuzi anayeacha dhana yake pale ushahidi unapoikataa ndiye atakayeishtukia barua pepe ya uongo yenye nembo sahihi. Ukiwa Kakamega ujanja huu haufanyi kazi kwa Kiluhya, ambacho maneno yake, kama ya Kiswahili, kwa kawaida huishia na irabu.

Fumbo la reli lipitiwe haraka. Andika NJOO DUNGA JIONI kwa mistari miwili, herufi moja juu na nyingine chini kwa zamu, kisha usome mstari wa juu na kuufuatisha wa chini: NODNAIN JOUGJOI. Herufi ni zilezile, ila zimepanguliwa. Manufaa yake makubwa ni ya uchunguzi: mshiriki akipewa ujumbe mrefu asioujua aina yake, ahesabu herufi kwanza, na akikuta A bado inaongoza kama kawaida, ajue kwamba herufi zimehamishwa mahali wala hazikubadilishwa.

Fumbo la ufunguo unaorudiwa liwe la vikundi vilivyomaliza mapema. Kila herufi ya ujumbe husogezwa kwa hatua zinazotokana na herufi ya neno la ufunguo, na neno likiisha hurudiwa tangu mwanzo. Giovan Battista Bellaso wa Italia aliieleza njia hii mwaka 1553, ingawa imekuja kuitwa kwa jina la Mfaransa Blaise de Vigenère, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa haivunjiki mpaka Friedrich Kasiski alipochapisha namna ya kuivunja mwaka 1863. Anachofanya mfumbuzi ni kutafuta mafungu ya herufi yanayojirudia katika maandishi ya siri. Ukitumia ufunguo DUNGA, wenye herufi tano, na neno KWA likaangukia mahali palepale pa ufunguo mara kadhaa, litatoa herufi zilezile tatu kila mara, na umbali kati ya marudio hayo utakuwa 15, 25 au nambari nyingine inayogawanyika kwa tano. Urefu wa ufunguo ukishajulikana, fumbo hugawanyika kuwa mafumbo matano madogo ya kusogeza. Lihusishe na nywila moja inayotumika kwenye barua pepe, mfumo wa mikopo na ukurasa wa kijamii: kilichoufungua mlango ni kule kurudia. Akitokea wa kuuliza kama kuna siri isiyovunjika, mjibu kwamba ipo, na kwamba mwanahisabati wa Marekani Claude Shannon alithibitisha kihisabati katika chapisho la mwaka 1949: ufunguo uwe wa kubahatisha kabisa, urefu wake usipungue wa ujumbe, ubaki siri na utumike mara moja tu.

Kutoka hapo ondoka kwenye herufi, uende kwenye watu. Tayarisha ukurasa mmoja wa mhasibu wa kubuni, asiye na jina la mtu yeyote wa ofisi hiyo, mwenye machapisho kama yale ambayo watu huyaweka mtandaoni: siku ya kuzaliwa ya mtoto wa kwanza, picha ya gari ambalo namba yake inaonekana, salamu za Jamhuri, na bendera ya klabu ya soka ya Gor Mahia ukutani nyuma ya meza yake. Kila kundi liandike namba za siri kumi za kukisia kwa mpangilio wa uwezekano kabla ya bahasha ya jibu kufunguliwa. Wengi wataanza na tarehe ya mtoto, wengine 1212 au 1963. Jibu liwe 1968, mwaka klabu hiyo ilipoanzishwa, na mashabiki wa AFC Leopards waliomo chumbani ndio watakaokuwa wa kwanza kuliona, kwa kuwa nao wanaujua wa kwao, 1964. Usitumie kamwe ukurasa wa mfanyakazi halisi, hata akikubali kwa kicheko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za mtu, na mtu aliyeaibishwa mbele ya wenzake hatajifunza lolote. Kwa sababu hiyohiyo mafumbo yote yaishie kwenye karatasi zako: kujaribu nywila ya akaunti ya mwingine bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, na michezo si utetezi.

Fumbo jingine dogo la namna hii hutumia kibao cha namba cha mlangoni. Chora vitufe kumi, upake alama za vidole kwenye vinne, na uulize kuna mipangilio mingapi ya tarakimu nne inayotumia vyote vinne. Ni 24. Kisha chora kibao kingine chenye alama kwenye vitufe vitatu tu, na wengi watajibu kwamba uwezekano umepungua. Umeongezeka kuwa 36, kwani kitufe kimoja kimebonyezwa mara mbili na haijulikani ni kipi. Hata hivyo zote mbili ni hesabu ndogo mno kwa mlango wa stoo ya dawa, na suluhisho ni kitambaa na kubadilisha namba.

Fumbo lenye faida kuliko yote halina karatasi. Kabla ya mchezo kuanza, patana na msimamizi wa ofisi na umpate msaidizi asiyefahamika sana, umvalishe beji ya kawaida. Katikati ya shindano, wakati makundi yameinama juu ya hesabu za herufi, msaidizi azunguke mezani akisema kwa heshima na haraka kidogo: “Samahani, nimetumwa na mratibu nikusanye funguo zenu tuzihakikishe, muda unakwisha.” Makundi mengi yatampa. Hayo yaliyotoa yapoteze pointi, lakini litajwe kundi, asitajwe mtu. Kisha uliza ni nini kilichowafanya watoe. Majibu huwa ni beji, jina la mratibu, lugha ya adabu na haraka, nayo ndiyo vilevile vitu vinne anavyovitumia mpigaji simu anayedai pesa zimetumwa kwako kimakosa. Wakubaliane papo hapo juu ya njia ya kuhakiki, kwa mfano kumpigia mratibu kwa namba wanayoijua wao badala ya ile wanayopewa.

Sehemu ya mwisho ya kikao ni ya kutunga. Kila kundi litunge fumbo moja kwa ajili ya kundi la jirani, kwa masharti haya: mbinu isemwe wazi, ufunguo pekee ndio ufichwe, na karatasi ya jibu itaje udhaifu utakaolivunja na mahali udhaifu huo unapopatikana katika kazi zao. Sharti la kwanza limetoka kwa mtaalamu wa siri Auguste Kerckhoffs, aliyeandika mwaka 1883 kwamba mfumo wa siri usidhurike hata adui akiujua wote isipokuwa ufunguo. Litawashangaza wale waliozoea kuficha ufunguo wa ofisi juu ya fremu ya mlango kwa imani kwamba hakuna anayejua. Sharti la karatasi ya jibu ndilo gumu, na kundi lisiloweza kulitimiza lirudishiwe karatasi yake.

Fumbo lolote jipya lijaribiwe na mtu ambaye hakulitunga kabla ya kupelekwa kikaoni. Mpe nusu saa. Akishindwa kabisa, andaa bahasha mbili za vidokezo, cha kwanza kikielekeza mahali pa kutazama na cha pili kikitoa herufi moja, na kila bahasha inayofunguliwa igharimu pointi moja. Ujumbe wa fumbo la kubadilisha herufi usipungue herufi arobaini, vinginevyo hesabu ya marudio haina nguvu na washiriki watabaki kukisia. Baada ya kikao kusanya karatasi zote za funguo na uzichome au uzichane vipandevipande, kisha badilisha neno la ufunguo, idadi ya hatua na klabu ya yule mhasibu kabla ya kwenda kwa kundi linalofuata, maana waliofundishwa Kisumu Jumatatu wana ndugu na marafiki wanaowasubiri Kakamega Jumatano.